Mkono Ndani ya Magunia ya Kibaigwa

Foibe alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya mistari ya wanafunzi wangu, na kwa namna alivyoniamkia nilijua kabla hajasema. "Shikamoo kaka," alisema. "Mama ametutoka." Kesho yake nilikuwa Kibaigwa, nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, karibu na barabara kuu ambako malori ya mahindi hayapunguzi mwendo kwa msiba wa mtu yeyote. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, kijana mmoja wa kwaya alisimama akasoma kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakwaruza. Damari, jina ambalo wengi wetu tuliomzoea kama Mama Foibe tulilisikia kwa mara ya kwanza siku ile, alibatizwa, akaolewa, akafiwa na mume, akawa dalali wa mahindi anayeaminika sokoni, akaimba sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Watu walitikisa vichwa. Hapakuwa na neno hata moja juu ya bega lake, wala juu ya kile chumba cha mazoezi mjini Dodoma alichokwenda kila wiki kwa miaka. Siwalaumu waliouandika. Wasifu husomwa haraka, watu wako juani, na maumivu si kazi wala cheo hata yasomwe mbele za watu. Lakini mimi nilimfahamu mama yule kupitia maumivu yake na yangu, na mwaka mmoja niliokaa karibu naye ndio ulionifanya niwe mtu huyu niliye. Nimeona niuandike mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanachuo wa ualimu, nimepelekwa Busi kule Kondoa kufanya mazoezi ya kufundisha. Jumamosi moja nilikuwa natoka dukani kwa baiskeli ya kuazima, nikashuka korongo kwa mwendo ambao mtu mwenye akili hashuki nao, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga. Nilitanguliza mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika, nikapelekwa hospitali, wakanifunga plasta. Hadi hapo hapakuwa na ajabu yoyote. Wavulana huvunjika mikono kila msimu wa maembe. Ajabu ilikuja plasta ilipotolewa. Daktari alitazama picha akasema mfupa umeunga vizuri sana, nami nikawa nimekaa mbele yake natokwa jasho, kwa sababu mkono ulikuwa unawaka. Sina neno jingine. Ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa kama iliyopakwa mafuta, mara umekuwa mwekundu, mara wa zambarau, na upepo wa feni ukiugusa nilihisi kama mtu ananimwagia uji wa moto. Wiki zikapita, hali ikawa mbaya zaidi. Chuo kiliniruhusu niahirishe mwaka, nikabaki mjini Dodoma ili niwe karibu na matibabu.

Nilipanga chumba cha uani Area D, kwa mama mmoja mtu wa Kondoa aitwaye Mama Husna. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha dogo linalotazama jiko lake. Kupitia dirisha lile nilisikia maisha yote ya nyumba: vitunguu vikikaangwa, redio, na jioni mazungumzo ya Mama Husna na dada yake wakichambua mchele. Siku moja dada yake aliuliza, "Sasa huyu kijana analia nini, na picha imeonyesha mfupa umepona?" Mama Husna akasema hajui. "Basi huyo kachezewa huko Busi," dada akasema kwa uhakika. "Busi ni kwetu," Mama Husna akajibu, ametaharuki, "nani amchezee mwalimu wa watoto?" Wakabishana juu ya heshima ya Busi hadi mchele ukaisha, na mimi nikawa nimelala chali, mkono nimeuweka juu ya mto kama kitoto kichanga, nikitamani angalau ingekuwa kweli nimerogwa, maana ningejua pa kwenda. Kilichoniuma zaidi ni chakula. Mama Husna alikuwa mkarimu, aliniita nile na wanawe kwenye sinia moja, lakini mtu wa mkono wa kushoto anaingiaje kwenye sinia ya watu? Nikaomba kijiko. Watoto wakanitazama. Baada ya siku chache nikaanza kusema nimeshiba, nikala peke yangu chumbani, ugali uliopoa kwa kijiko, mlango nimeufunga.

Daktari mwingine, mtu mzima wa maneno machache, ndiye aliyeniambia kwamba ugonjwa wangu unajulikana. Aliutaja kwa Kiingereza kirefu, kisha akanipeleka mwisho wa korido kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja wa Kinyakyusa aliyeitwa Sekela. Dada Sekela hakuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana, na alizungumza polepole kama anayesoma tangazo. "Mfupa umepona," aliniambia. "Lakini mishipa ya fahamu bado inapiga kelele kana kwamba umevunjika leo. Ukiuficha mkono, itazidi kupiga kelele. Kazi yetu ni kuizoesha upya. Hii ni pamba, hii ni maji, hii ni nguo, hakuna hatari. Itauma, kaka. Siwezi kukudanganya." Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili vilivyotenganishwa na pazia la kijani, kamba na kapi ukutani, mabeseni, taulo, na harufu ya mafuta ya kuchua. Akachukua kipande cha pamba, akaanza kunipitishia mgongoni mwa kiganja. Sijui niandike nini hapa ili msomaji aniamini. Pamba iliniunguza. Niliuma ukosi wa shati langu, nikakaza macho kwenye dari, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimelelewa kufikiri: mwanamume hulia msibani, basi.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu asiyefikiri hivyo hata kidogo. "Wewe Sekela unaniua!" sauti ya mama ilipaza. "Mungu anakuona, mwanangu! Umeniacha na hili likamba linaning'oa bega!" Kisha kicheko, cha kwake mwenyewe. Kisha kilio cha kweli, kirefu, kinachopanda na kushuka kama kibwagizo cha kwaya. Kisha akanyamaza, na nilipodhani amezimia, nikasikia, "Mwalimu, umekufa huko?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananisemesha mimi, alikuwa amesikia kila nililomweleza Sekela. "Hapana, mama. Shikamoo." "Marahaba. Mbona kimya?" "Navumilia." "Unamvumilia nani? Hapa hakuna mkaguzi wa shule. Piga kelele, mwanangu. Ukibana mdomo, unabana na vidole." Sekela akacheka, akasema ni kweli, nimebana hadi vidole vya miguu. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nianguke, nilifungua mdomo na kulia mbele ya watu wawili nisiowajua, na nilipomaliza, pamba ilikuwa bado inawaka lakini mabega yangu yalikuwa yameshuka. Mama yule akatoka nyuma ya pazia akijifunga khanga kwa mkono mmoja: mrefu, mweusi, masikio yametobolewa kwa mtindo wa Kigogo wa zamani, kitambaa cha kichwani kimekaa upande. "Mbukwa, mwalimu," akasema. "Sasa tumesalimiana."

Alikuwa amepigwa na gunia. Miaka kadhaa kabla, pale Kibaigwa, gunia la mahindi liliteleza kutoka juu ya lori likamwangukia kati ya shingo na bega la kulia. Hakuna kilichovunjika. Alipona, akarudi sokoni, na baadaye maumivu yakaanza kuja yenyewe, kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko, yakawa hayaondoki. Hakuweza kuinua mkono kusuka nywele wala kufunga kitambaa chake; Foibe, binti yake, ndiye aliyemfunga kila asubuhi. Kila Alhamisi alidandia lori linalokuja mjini, akapanda kwa mkono mmoja hadi kiti cha mbele kwa dereva, akaja kuteswa, akarudi. Mazoezi yake makubwa yalikuwa kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole kama mjusi, hadi pale bega linapokataa, kisha kupita pale. Alijadiliana na Sekela kama anavyojadiliana na wanunuzi. "Kumi, mama," Sekela anasema. "Sita." "Kumi." "Mtoto huyu hajui biashara! Saba, na ya nane nakuongezea kwa sababu umenipokea vizuri." Mwisho wake alifanya kumi, na mara nyingine zaidi, huku akilalamika kwamba amepunjwa. Nilianza kuzipanga siku zangu ziende sambamba na Alhamisi zake. Leo, nikiwa mtu mzima niliyekaa na watu wengi jasiri, wa kweli na wa kujidai, bado sijaona mtu aliyeogopa maumivu waziwazi vile halafu akayafuata mwenyewe kwa miguu yake. Watu huwasifu wasiolia. Mimi nilijifunza kumheshimu aliyelia na kusema, "Haya, rudia."

Hata hivyo mimi nilishindwa. Nalisema bila kuona haya, maana ugonjwa ule umewashinda wengi. Pamba ilifuatiwa na taulo, taulo ikafuatiwa na brashi, na maji ya moto na baridi, na kuegemeza uzito wa mwili juu ya kiganja mezani. Wiki moja nasogea, wiki inayofuata narudi nilikotoka. Ulipofika mwezi wa tano, na ule upepo wa baridi wa Dodoma umeanza, upepo unaopenya hata kwenye shati la mikono mirefu, nilikwenda kwa yule daktari wa maneno machache nikamwomba aukate mkono. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja, kama kwenye mdahalo. Alinisikiliza hadi mwisho. "Nikiukata," akasema, "maumivu yanaweza kubaki. Utakuwa na maumivu na huna mkono." Nikamshukuru, nikatoka, na wiki ile sikwenda kwa Sekela. Wala iliyofuata. Nilikaa chumbani, mkono nimeuingiza kwenye soksi ili hewa isiuguse, nikawa nafikiria namna ya kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na mara nyingine sikufikiria chochote.

Mama Foibe alikuja mchana wa Ijumaa. Nilimsikia kabla sijamwona, anabisha hodi, anasalimiana na Mama Husna, anakabidhi unga aliokuja nao, anaketi jikoni kana kwamba ndiko alikoalikwa. Walikula kwanza. Kupitia dirisha niliwasikia wakizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya alizeti, juu ya mabinti zao. Hakuniulizia hadi alipomaliza kula. Kisha akaja mlangoni, akatazama ile soksi. "Nimekuja kukuazima," alisema.

"Kuniazima kwa kazi gani, mama?"

"Mavuno yameanza. Dalali anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka chini, aone kama mahindi yamekauka. Bega langu haliniruhusu tena. Nataka mkono wa mtu mwingine."

Nilidhani ananitania. "Mama, mkono huu haugusi hata shuka."

"Najua. Ningetaka mkono mzima ningewachukua makuli pale sokoni, wamejaa." Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akashusha pumzi, na niliona jinsi anavyolishika bega lake kwa mkono wa kushoto akidhani simwoni. "Nimeongea na Sekela. Amenipangia. Tutaanza na unga, kisha ulezi, mtama, alizeti, mahindi mwisho. Kila baada ya wiki mbili nakuleta akuone. Ukikataa, sikulazimishi. Lakini nimekuja na lori, dereva ananisubiri, na ana maneno mengi yule."

Nikaenda. Hadi leo sijui kama nilikwenda kwa sababu ya matumaini au kwa sababu ya yule dereva.

Nyumba yake Kibaigwa ilikuwa ya vyumba vitatu, bati juu, nyuma ya ghala. Nilipewa chumba chenye magunia matupu kona moja na kitanda cha kamba kona nyingine, na vumbi la mahindi lilikuwa kila mahali, tamu puani kama unga wa uji. Foibe alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, mkali kidogo, anayependa kucheka akishakuzoea. Siku ya kwanza mama yake aliweka beseni la unga wa mtama mbele yangu uani na akasema niingize mkono. Unga ni laini kuliko pamba lakini una ubaridi wake. Nililia, Foibe akaendelea kufua. Hilo lilinisaidia kuliko pole. Ulezi ulikuwa balaa, punje ndogo zisizohesabika, kila moja na cheche yake. Mtama ukaja, kisha alizeti, nikavizoea kwa shida. Jioni tulikula watatu kwenye sahani moja, ugali wa mtama na mlenda uliotiwa karanga, mimi na kijiko changu, na hakuna aliyekitazama kijiko.

Siku aliyonipeleka sokoni kwa mara ya kwanza, nilijuta. Soko la Kibaigwa wakati wa mavuno halina huruma: makuli wanapita na magunia vichwani wakipiga miluzi, mizani inalia, wanunuzi wa Dar es Salaam wamesimama kwenye vivuli vya malori yao, madalali wanavutana. Mama Foibe alinisimamisha mbele ya shehena ya mkulima mmoja, akakata uzi wa gunia, akasema, "Huyu ndiye mpimaji wangu." Kisha akanishika kiwiko, juu ya sehemu inayouma, akanisukuma kwa upole. Mkono ukazama ndani ya mahindi hadi kiwikoni. Nilipiga ukelele ambao naamini walisikia hadi barabarani. Makuli wakasimama. Mnunuzi mmoja mwenye kofia akaangua kicheko. "Mama Foibe, siku hizi wapimaji wako wanaogopa mahindi?"

"Anaogopa ya kwako uliyonunua jana," Mama Foibe akamjibu bila kugeuka, na kicheko kikahamia kwa mwenye kofia.

Lakini mimi sikuwa nasikia tena, kwa sababu kule chini, katikati ya moto ule wote, vidole vyangu vilikuwa vimekuta kitu. Mkono ule ulihisi kila kitu kupita kiasi. Ndio uliokuwa ugonjwa wake. Mahindi ya juu yalikuwa ya uvuguvugu wa jua. Ya chini yalikuwa ya baridi, na yalishikana kidogo. "Mama," nikasema huku machozi yananitoka, "chini kuna baridi." Akanitazama. "Baridi vipi?" "Kama nguo iliyoanikwa haijakauka." Akaamuru gunia limwagwe kwenye turubai. Juu yalikuwa makavu yanayolia kama kokoto, chini yalikuwa yamenyeshewa, mengine yameanza kuota ukungu. Mkulima akaanza kuapa kwamba hakujua, na pengine hakujua kweli, maana paa la ghala lake lilikuwa linavuja. Mama Foibe hakumdhalilisha. Alimwambia ayaanike na arudi kesho, atamtafutia mnunuzi. Yule mwenye kofia alinisogelea, hakucheka tena. "Wewe kijana, njoo unipimie na haya." Nikaenda. Niliingiza mkono ule ule. Uliuma vile vile. Lakini ilikuwa mara ya kwanza, tangu kule korongoni, mkono wangu kumfaa mtu.

Sitaki msomaji adhani kwamba kuanzia pale mambo yalinyooka. Kuna siku sikuweza kutoka chumbani. Kuna asubuhi mkono uliamka umevimba, wa zambarau, kana kwamba miezi yote ile haikuwepo. Ilikuwa katika asubuhi moja ya namna hiyo, jua ndiyo kwanza linachomoza, nimeketi kitandani najiandaa kumwambia mama yule kwamba narudi Area D, nilipowasikia yeye na binti yake kwenye chumba cha pili. Ukuta haukufika hadi batini. Foibe alikuwa anamkanda bega kwa maji ya chumvi. Nilisikia kitambaa kikikamuliwa, na nilisikia Mama Foibe akilia, lakini si kile kilio chake cha hospitali chenye maneno na vicheko. Hiki kilikuwa kidogo, kimekabwa ndani ya khanga.

"Pumzika leo, mama," Foibe alisema.

"Nikipumzika leo, kesho litaganda."

"Dada Sekela si alikuambia halitapona?"

"Aliniambia halitapona. Hakuniambia nilale."

Kitambaa kikakamuliwa tena. Foibe akauliza, "Na mwalimu je?"

"Huyo atapona. Sekela ana uhakika naye, kama hataacha. Mimi bega langu nitakufa nalo, Foibe, nimeshazoea kusema hivyo. Lakini kile chumba nimekaa miaka mingi naona watu wanaingia. Nataka nione mmoja anatoka."

Niliketi pale kitandani hadi niliposikia mlango wao ukifunguliwa. Miezi yote ile nilidhani tuko safari moja, yeye mbele kidogo, mimi nyuma. Nilidhani anapiga zile kelele na kufanya zile biashara zake na Sekela kwa sababu mwishoni kuna kupona, kama mimi. Kumbe alikuwa ameshaambiwa kwamba hakuna mwisho, na aliendelea kudandia malori kila Alhamisi ili bega lisizidi kuwa baya, ili aweze kushika mizani, ili ajipakulie chakula mwenyewe. Alinichukua mimi pembeni yake akiwa na mzigo huo, akanichekesha. Nilipotoka uani alikuwa ameshafungwa kitambaa, amesimama wima, anapiga mswaki. "Umeamka, mwalimu? Kuna malori mawili ya Kiteto." Sikumwambia nilichosikia, siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilikwenda kuchota maji ya kunawa, na nikaubeba mtungi kwa mkono wa kulia hadi nusu ya njia.

Mwezi wa tisa, upepo ukiwa umepungua, tuliketi kula mchana. Ugali ulikuwa wa moto, unatoa mvuke. Nilikiweka kijiko kando, nikanawa mikono yote miwili, nikamega tonge kwa mkono wa kulia. Joto lilinipanda hadi begani. Nililikanda tonge polepole, nikachovya, nikala. Foibe alifungua mdomo kusema kitu na mama yake akamkanyaga mguu chini ya meza, niliona. Mama Foibe alisogeza bakuli la mlenda karibu yangu, akaendelea kulalamika juu ya dereva mmoja aliyechelewesha mzigo. Tulikula hadi tukamaliza. Ndipo alipoinuka, akaenda nyuma ya nyumba, na tukamsikia huko akipiga vigelegele peke yake.

Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Asubuhi za baridi mkono wangu bado hukumbuka, vidole hukaza, na wanafunzi wa darasa la kwanza huniuliza kwa nini nashika chaki kama kijiko. Sijawahi kumfundisha mtoto anayeumwa kwamba anyamaze. Ninaowaona wanaumia kwa muda mrefu, walimu wenzangu wa migongo mibovu, wazazi wenye magoti yaliyokwisha, siwaambii watapona. Sijui kama watapona. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi mtu anavyoweza kuishi na kitu kisichoondoka bila kukigeuza kuwa ndicho mtu mwenyewe. Mama Foibe aliuza mahindi, aliimba, aligombana na madereva, aliwacheka wanunuzi, na kila wiki alitoa saa moja ya kuteswa ili zile saa nyingine zote ziwe zake.

Siku yangu ya mwisho kwa Dada Sekela ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka ule ule. Alinipitishia pamba, taulo, brashi. Alinikunja vidole kimoja kimoja, akanifanya niegemee meza kwa uzito wangu wote. Mkono uliniuma kidogo, maumivu ya kawaida ya mtu aliyekaa sana bila kazi. Akaniangalia muda mrefu. "Kaka," akasema, "nenda ukafundishe. Sitaki kukuona tena humu ndani." Mama Foibe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mgonjwa anayefuata, akapiga kigelegele kilichomleta nesi mlangoni, akanishika kichwa kwa mkono wake mzima, akaniombea kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa yote. Kisha Sekela akasema, "Haya mama, zamu yako." Pazia likavutwa. Niliaga, nikachukua mfuko wangu, nikatoka.

Nilifika nusu ya korido ndipo nilipomsikia. Alikuwa ameanza zoezi lake la ukutani. Nilimsikia akibishana na Sekela, nikamsikia akicheka, kisha nikamsikia akilia, na kati ya kilio na kilio akisema, "Haya, haya, rudia." Watu walikuwa wananipita na karatasi zao na watoto wao. Mlango wa nje ulikuwa wazi, jua limejaa uani. Nikageuka. Nilipolisogeza pazia alikuwa amesimama mbele ya ukuta, paji la uso limeegemea rangi iliyobanduka, vidole vyake vimefika usawa wa kidevu.

"Umesahau nini, mwalimu?" akauliza bila kugeuza kichwa.

"Sijasahau kitu, mama."

Nikaweka mfuko chini. Nikasimama kando yake, nikaweka mkono wangu wa kulia ukutani usawa wa mkono wake, kidole kimoja, kisha kingine. Mama Foibe alivuta pumzi, akapandisha vidole vyake, nami nikapandisha vyangu, si juu zaidi yake, na tukaanza upya.